Saa moja ya mwalimu, saa 167 za kwako

Kuna swali naulizwa sana na watu wanaotafuta mwalimu wa gitaa, piano, violini au ala yoyote ile, iwe kwa ajili yao au kwa ajili ya watoto wao, na swali lenyewe huwa linakuja limeambatana na wasifu wa mwalimu: kasomea muziki chuo fulani, ana gredi ya 8 ya mitihani ya muziki, ile ya juu kabisa, kapiga na bendi hii na ile, katumbuiza nchi kadhaa, ana miaka 12 anafundisha, sasa je huyu anafaa? Mi huwa nasoma wote mpaka mwisho na kiukweli mara nyingi nikimaliza bado sina jibu, manake karibu kila kilichoandikwa pale kinanieleza huyu mtu anapiga vizuri kiasi gani, na hakuna hata sentensi moja inayosema anafanyaje pale mwanafunzi anapokwama sehemu ileile wiki ya tatu mfululizo.

Na kukwama ndo kwenyewe. Mtu hamlipi mwalimu kwa yale ambayo angeyaweza tu mwenyewe.

Hebu tupige hesabu kidogo. Wiki ina saa 168. Ukiwa na somo la saa moja kwa wiki, mwalimu anakuona saa moja, zile 167 zingine haupo naye, na watoto wengi wanapata nusu saa tu. Kwahiyo hata mwalimu awe fundi namna gani, vidole vyako havibadiliki kwa sababu ya ile saa moja, vinabadilika kwa yale unayoyafanya siku 6 zinazobaki, wewe na ala yako chumbani. Msimamo wangu ni huu na ninao miaka mingi sasa: kazi ya mwalimu wa masomo binafsi ni kukufundisha jinsi ya kufanya mazoezi akiwa hayupo, na hiyo historia yake, vyeti vyake, majukwaa aliyopanda, vyote vipimwe kwa hicho kipimo kwanza.

Sijalitoa hili kwenye vitabu. Mwalimu wangu wa kwanza wa piano alikuwa mpigaji wa hali ya juu, yani ukimsikiliza unasahau hata kilichokuleta. Somo letu lilikuwa hivi, nafika, napiga nilichopewa wiki iliyopita, nakosea palepale nilipokosea wiki iliyopita, anasema hapana sio hivyo, hebu sogea kidogo, anakaa yeye anapiga. Na anapiga kweli, sio vile vipimo viwili tu (yani vile vijisehemu vya wimbo vinavyotenganishwa na mistari kwenye karatasi ya nota), anaendelea, anaingia wimbo mwingine, anarudi, dakika 20 zimeisha na mimi nimesimama pembeni nimeduwaa. Nikitoka pale nina hamu kubwa lakini mikono mitupu. Nyumbani naanza wimbo mwanzo, nakwenda, nafika pale pagumu naanguka, narudi mwanzo tena, nakwenda, naanguka, narudi mwanzo. Baada ya miaka miwili nilikuwa na nyimbo kama kumi ambazo mwanzo wake naupiga safi kabisa, kwa sababu huo mwanzo nimeupiga mara mia, na mwisho wake ni majanga kwa sababu nimeufikia mara nane.

Simsemi kwa ubaya. Ninavyoelewa leo, hakunificha kitu, ni kwamba hakuwa nacho cha kunipa. Alianza piano mdogo sana, kwenye nyumba ambayo kila mtu anapiga kitu, mambo magumu yaliingia mikononi mwake kabla hajawa na akili ya kukumbuka yaliingiaje. Mtu wa hivyo ukimuuliza unafanyaje hapa anakuonyesha, kwa sababu kuonyesha ndo jibu pekee analolijua, maneno hana.

Kuna mfano mmoja naupenda sana kwenye hili. Leon Fleisher, mpiga piano mkubwa wa Marekani, mwaka 1964 akiwa na miaka 36 hivi vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe, havinyooki, na ikawa ndo mwisho wa kupiga kwa mikono miwili jukwaani kwa karibu miaka 30. Akabaki na kazi zilizotungwa kwa mkono wa kushoto peke yake, na kuongoza okestra, na kufundisha, alikuwa anafundisha chuo cha muziki cha Peabody pale Baltimore. Baadaye alieleza kwamba kabla ya lile tatizo alikuwa kama walimu wengi, anamsogeza mwanafunzi anakaa yeye anaonyesha, lakini mkono ulipogoma ikabidi atafute maneno ya kueleza sauti anayoitaka na mwili ufanye nini ili itoke, na kwa maelezo yake mwenyewe hapo ndipo alipokuwa mwalimu bora zaidi. Mtu aliyepoteza mkono wa kulia ndo anatwambia ule mkono ulikuwa unambeba kwenye ufundishaji. Mi nilipolijua hili nilikaa nikamfikiria mwalimu wangu wa kwanza na zile dakika zake 20.

Hapo nisieleweke vibaya, mwalimu lazima apige, mtoto asiposikia sauti nzuri kwa karibu ataitafuta wapi? Tena kwenye violini ndo kabisa, ile sauti ya upinde ukiwa umekaa vizuri kwenye nyuzi huwezi kuielezea kwa mtu asiyewahi kuisikia chumba kimoja na yeye. Ninachokataa ni kupiga kama mbadala wa kufundisha.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa mama mmoja ambaye wasifu wake ungeupita tu bila kusimama. Alianza piano ana miaka 19, ukubwani hivo, hajawahi kupanda jukwaa lolote la maana, cheti chake cha kawaida. Siku ya kwanza nikakaa nikataka nimpigie wimbo wangu bora, akanizuia. Akasema, "Usinipigie wimbo. Nioneshe unavyofanya mazoezi nyumbani, jifanye mimi sipo."

Niliona aibu sana kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kile kitu. Nikaanza mwanzo, nikaenda, nikaanguka, nikarudi mwanzo.

"Simama hapo hapo mwanangu. Umekosea wapi?"

"Hapa kwenye mkono wa kushoto, mwalimu."

"Kidole gani?"

Sikuwa na jibu. Miaka miwili naanguka pale na sijui ni kidole gani. Tukaanza kupekua pamoja, polepole mno, na ikaja kugundulika kwamba nota ninayokosea haina shida yoyote, shida iko nota mbili nyuma, naweka kidole cha nne mahali ambapo inabidi kiwe cha tatu, kwahiyo nikifika kwenye ile nota vidole vimeniishia mkononi. Kosa linasikika kwenye nota ya tano lakini limezaliwa kwenye ya tatu. Unaweza kurudia mara elfu moja ukikazana na ile ya tano na hutafika popote, unazidi tu kulizoesha kosa.

Halafu akachukua daftari akaandika. Mpaka hapo maagizo niliyoyazoea yalikuwa kafanye mazoezi ukurasa wa pili. Yeye akaandika: kipimo cha 9 na 10 tu, mkono wa kushoto peke yake, kidole cha tatu kivuke juu ya gumba, metronomu (kile kifaa cha kuhesabu mapigo) 50, mara tatu mfululizo bila kosa ndo upandishe 54, ukikosea shuka, dakika 6 basi, hamia kitu kingine, rudi tena baada ya robo saa uone kama bado kipo. Chini yake akaandika anza wimbo kutokea mwisho, vipimo vinne vya mwisho, halafu vinane vya mwisho, ili unapocheza uwe unaelekea mahali unapopajua badala ya kuelekea gizani. Lile somo nzima hakunipigia hata nota kumi. Wiki iliyofuata pale mahali palipita, na nilikuwa nimefanya mazoezi muda mfupi kuliko nilivyozoea, hicho ndo kilichonishangaza kuliko vyote.

Baadaye nikaja kukuta kwamba watu wamelitazama hili kwa utafiti. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin walichapisha matokeo ya wapiga piano 17 wa ngazi ya juu waliopewa kipande kifupi kigumu cha mtunzi Mrusi Shostakovich wafanyie mazoezi kadri wanavyotaka, kesho yake wakarudi kukipiga. Waliofanya vizuri zaidi hawakuwa waliokaa muda mrefu zaidi wala waliorudia mara nyingi zaidi. Wote walikosea, hata wale wa juu, ila wale wa juu kosa likitokea walikuwa wanasimama, wanatafuta lilipo na limetokana na nini, wanapunguza spidi hapo hapo palipo na shida, wanalimaliza ndo wanaendelea. Ndo kilekile cha yule mama na daftari lake. Kinachouma ni kwamba hii tabia inafundishika, sio kipaji cha kuzaliwa nacho, lakini kama mwalimu hajawahi kukuona ukifanya mazoezi atajuaje kama unayo?

Na hapa niguse ile habari ambayo kila mtu anaitaja, kwamba ukifanya mazoezi saa elfu kumi unakuwa bingwa. Chanzo chake ni utafiti wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993 kwa wanafunzi wa violini Berlin, waliogawanywa makundi matatu kwa uwezo wao, na kitu kinachosahaulika ni kwamba zile saa walizozihesabu zilikuwa za mazoezi ya peke yake, sio masomo, sio bendi. Walikadiria kwamba kufikia miaka 18 kundi la juu lilishakusanya wastani wa saa 7,410, la kati 5,301, na kundi la tatu 3,420. Kundi la tatu lilikuwa ni wale wanaosomea ualimu wa muziki! Kuna watu wanatumia hii kusema unaona, walimu ni wapigaji walioshindwa. Mi naisoma tofauti kabisa. Utafiti uliporudiwa ukachapishwa mwaka 2019, tofauti ya saa kati ya kundi la juu na la kati haikuonekana tena, kwahiyo wingi wa saa peke yake hauelezi nani atakuwa mzuri zaidi. Kwahiyo ukiona kwenye wasifu mtu anajisifia alikuwa anafanya mazoezi saa 8 kwa siku, usimuulize alizipata wapi, muulize alikuwa anafanya nini humo ndani.

Ualimu wa muziki pia una hii tabia ya ukoo, mimi nilifundishwa na fulani aliyefundishwa na fulani. Czerny, mwalimu wa piano wa karne ya 19, alifundishwa na mtunzi Beethoven, naye akamfundisha mpiga piano Liszt, bure kabisa, na akamfundisha Leschetizky, aliyekuja kuwafundisha Paderewski na Schnabel, nao wapiga piano wakubwa. Mnyororo mzuri sana kuutaja. Ila tazama Czerny alifanya nini hasa: alianza kufundisha ana miaka 15, alifundisha siku nzima kwa miaka na miaka, na alipoletewa yule mtoto Liszt alimkuta ana kipaji cha ajabu lakini anapiga hovyo, vidole vinatupwa popote, akamrudisha kwenye skeli (kupiga nota kwa ngazi, kupanda na kushuka) na mpangilio wa vidole na kushika mapigo kabla ya kingine chochote. Kwa maneno mengine alishughulika na vitu vya chini ambavyo mtoto atakwenda navyo nyumbani. Na Leschetizky, aliyekuwa na wanafunzi maarufu kuliko karibu mwalimu yeyote wa zama zake, alikuwa anasisitiza kwamba hana mbinu maalumu, kila mwanafunzi anatibiwa kivyake. Ndo maana mwalimu akinambia natumia mbinu fulani kwa wanafunzi wote, napata wasiwasi, manake uzuri wa somo la mtu mmoja mmoja ni kwamba mmekaa wawili tu, sasa kama unanipa kilekile unachompa mwenzangu si bora tungekaa wote darasani.

Nikitaja mbinu, ya Suzuki lazima niiseme, kwa sababu naona ndiyo iliyolichukulia tatizo la saa 167 kwa uzito kuliko zote. Shinichi Suzuki, Mjapani aliyezaliwa 1898, alianza na kitu rahisi, watoto wote duniani wanajifunza lugha ya mama bila kushindwa, kwa kusikia na kurudia na kuzungukwa nayo, basi muziki nao uje hivyohivyo. Watu wengi wanakumbuka hiyo ya kusikiliza na kuanza wadogo. Mi ninachokiona kizito ni nafasi ya mzazi: mzazi anakaa ndani ya somo, anaandika, kwa kawaida hata yeye anafundishwa kushika violini na kupiga wimbo wa kwanza, ili nyumbani awepo mtu anayejua mkono unakaaje. Suzuki aliona kwamba mtoto wa miaka minne hawezi kujisimamia, akaweka mtu mzima kwenye zile saa ambazo mwalimu hayupo. Lawama inayotolewa mara nyingi ni kwamba kusoma nota kunachelewa, na ni lawama ya haki, nimeona watoto wanapiga vizuri mno kwa sikio halafu ukiwawekea karatasi mpya wanaganda. Lakini hilo mwalimu makini analirekebisha. Mzazi anayemshusha mtoto mlangoni na kumfuata baada ya nusu saa, akitarajia muziki umeingia, huyo ni kazi ngumu zaidi kumrekebisha.

Mitihani ya gredi nisiikalie sana. ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ipo tangu 1889, gredi ni 1 mpaka 8, mtihani wa kawaida mbele ya msahihishaji una vipande vitatu, skeli, kusoma nota papo hapo na kusikiliza. Ni kipimo kizuri kwa anayekihitaji. Tatizo ni pale mwaka mzima unapogeuka vipande vitatu, mtoto anapanda gredi kila mwaka na ukimwambia piga chochote unachokipenda hana, hana hata kimoja.

Na kupenda sio kitu cha pembeni. Nadia Boulanger, mwalimu wa utunzi wa Paris aliyefundisha wanamuziki wa Marekani kama Aaron Copland na Quincy Jones, mwaka 1954 alijiwa na mwanamuziki Astor Piazzolla kutoka Argentina na rundo la kazi zake za kiklasiki. Alizipitia akaona zimeandikwa vizuri lakini ndani anawaona watunzi wengine tu, yeye mwenyewe hayumo. Akamuuliza kwao anapiga nini. Piazzolla alikuwa anaona aibu kusema ni tango, muziki wa dansi wa kwao, kwamba alikuwa anapiga bandoneoni (ala inayofanana na kodiani) kwenye vilabu vya usiku, ila mwishowe akampigia tango yake, na Boulanger akamwambia hapa ndipo ulipo, usipaache. Nafikiria ingekuwaje kama angemsahihisha tu zile nota kila wiki, angemfunza vizuri sana kuwa mtu mwingine. Mwanafunzi anayefanyia mazoezi kitu anachokipenda, zile saa 167 wala humsukumi. Mwalimu wangu wa pili alikuwa na sheria, theluthi ya kila somo ni wimbo niliouchagua mimi, hata kama yeye haupendi, na alikuwa hapendi mwingi!

Sasa mtu akinitumia wasifu siku hizi namwambia omba somo moja la majaribio ukaangalie, hasa kama ni la mtoto wako, kaa kimya kwenye kona uangalie. Anauliza maswali mangapi na anatoa amri ngapi? Mwanafunzi akikosea anasema rudia, au anasema tuone kwa nini? Macho yake yako kwenye karatasi au kwenye mabega na viganja vya mwanafunzi, kwa sababu mabega yaliyopanda na kiganja kilichokaza leo ni maumivu ya kesho, na mtoto hatasema anaumia, atasema kachoka. Halafu zile dakika tano za mwisho, hizo ndo muhimu kuliko zote. Wengi wanazimalizia kwa kupiga wimbo mzima mara ya mwisho ili mtu aondoke na furaha, sio vibaya, lakini mi nataka nione kama anamwambia mwanafunzi sasa nieleze kesho utaanza na nini, utafanyaje, utajuaje kwamba kimekaa. Mwanafunzi akishindwa kujibu hapo mbele ya mwalimu, nyumbani ndo hatajibu kabisa.

Kuhusu historia ya mwalimu, swali langu huwa ni moja tu, nimuulize ni kitu gani kwenye ala yake kilimsumbua muda mrefu na alikitatuaje. Wengine wanajibu papo hapo, wanasimama, wanaonyesha kwa mkono, wanakumbuka hadi mwaka, na unaona bado kinawagusa. Wengine wanafikiria kidogo halafu wanarudi kwenye vyeti.

Daftari la yule mama bado ninalo. Kurasa za mwanzo zimejaa mwandiko wake mpaka pembeni, kidole hiki, metronomu hii, dakika hizi. Katikati anaandika mstari mmoja halafu ananiachia nafasi, akinambia malizia wewe unadhani tufanye nini, na nikimaliza anasoma, anarekebisha kidogo kwa penseli. Kurasa za mwishoni ni mwandiko wangu mtupu, yeye kaweka tiki tu pembeni, na kuna tatu nne hivi ambazo hata tiki haipo.